Karavani Iliyomuuma Bi Zubaida

Sogeeni karibu kidogo, maana habari hii si ya kupigiwa kelele. Ni habari ya Wahabi, fundi umeme wa Tororo, mtu ambaye mngempita barabarani bila kugeuza shingo. Mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, baiskeli yake ina sanduku la bati nyuma. Baba yake alikuwa akibeba pamba kwa lori kutoka Mukuju, na yeye angefuata lori lile kama si Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyemwona akiwa kijana akitazama jinsi balbu zinavyofungwa, akamwambia aingie ndani ashike ngazi. Aliishika ngazi ile miaka ishirini. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipofukuzwa, yule mzee alimwachia ngazi na sanduku, akamwomba avitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi.

Ninaowasimulia ni mwaka wa sabini na sita, mwezi wa Januari, jua kali, na Wahabi alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa siku moja. Ufundi wenyewe ulikuwa umegeuka. Fyuzi hakuna, swichi hakuna, waya mpya hakuna. Kazi yake ilikuwa kukata kwa maiti ili amponye mgonjwa: anatoa waya kwenye mota iliyokufa anautia kwenye pasi inayokaribia kufa. Hata ile meta yake ya kupimia umeme ilichukuliwa na wanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Waliona sindano inacheza, wakasema ni redio ya kuongea na maadui. Akashukuru kwamba walichukua meta wakamwacha yeye. Tangu siku hiyo alipimia balbu: balbu moja ya kawaida kwenye kishikio chake, imefungwa nyaya mbili, basi. Ukigusisha ncha mbili, ikiwaka kuna umeme, isipowaka hakuna.

Asubuhi moja kabla ya chai alifika mama mmoja kutoka Busia, amejifunga leso kiunoni, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa Nasirumbi, mke wa Okochi. Okochi na Wahabi walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, mmoja juu ya ngazi, mwingine chini, kabla Okochi hajarudi kwao Busia kufungua kibanda chake cha ufundi.

Habibah, mke wa Wahabi, alimpa kiti. Nasirumbi hakukaa.

"Mzee Wahabi, wamemchukua. Leo siku ya nane. Iko ndani hapo Rubongi, kwa kambi."

"Kwa kosa gani?"

"Ile nyumba ya magurudumu ya kapteni. Okochi alifunga umeme mwezi wa kumi na moja, vizuri kabisa, wakamsifu. Sasa inauma mtu. Imemuuma mama wa kapteni kwa ngazi, ameanguka, ameumia nyonga. Wanasema Okochi alitega. Napeleka chakula kwa geti kila siku, wanapokea. Kama anakula yeye ama wanakula wao, sijui."

Wahabi akasugua goti. Habibah alimjua mumewe.

"Baba Jamilu," akasema, "usiniambie unakwenda."

"Sijasema kitu."

"Hujasema, lakini unatafuta viatu kwa macho."

"Fundi mwingine hayupo," akasema Nasirumbi, na sasa akakaa, palepale sakafuni. "Wengine wote wako ng'ambo, Kenya. Ukionyesha ubaya uko wapi, watajua si yeye. Usipoonyesha, wanampeleka mbele. Na huko mbele, baba, watu hawarudi."

Ndiyo hiyo shida yenyewe. Wahabi akavaa viatu.

Kutoka mjini mpaka Rubongi si mbali, lakini kwa jua lile na mnyororo ule wa baiskeli ilikuwa safari. Getini alikuwapo koplo mmoja wa kabila la Teso anayeitwa Edimu, mnene, mcheshi kwa namna ya mtu mwenye bunduki.

"Wewe ni fundi wa ngapi?" akauliza. "Wa kwanza iko ndani. Wa pili tulimwita, akakimbilia Kenya. Wewe unachagua wapi?"

"Nachagua kivuli, afande, kama kipo."

Edimu akacheka, akapekua sanduku, akaitoa ile balbu ya kupimia akaigeuzageuza. "Hii nini?"

"Balbu."

"Naona ni balbu. Inaongea?"

"Haiongei. Inawaka tu."

Akarudishiwa. Wakaenda pamoja nyuma ya nyumba za maofisa, na karavani ilikuwa pale kwenye nyasi kavu. Mngeiona! Nyumba nzima ya bati jeupe juu ya matairi mawili, dirisha, mlango, ngazi ya chuma ya hatua tatu. Zamani ilikuwa ya Mzungu mpima barabara, akiivuta nyuma ya gari lake popote alipopima. Mzungu alipoondoka aliiacha, na vitu vilivyoachwa miaka ile mnajua vilikwenda kwa nani. Kapteni aliitengeneza iwe makao ya mama yake aliyemleta kutoka Arua. Umeme uliingia kwa kebo nene inayotoka kwenye soketi ya ukutani kwa kapteni, inapita nyasini, inaingia ubavuni mwa karavani.

Bi Zubaida mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, mbali na bati kama hatua kumi, mguu mmoja umenyooshwa juu ya mto.

"Fundi, karibu," akasema. "Usiguse hiyo shetani."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto wangu anasema hii ni zawadi. Mimi nalala ndani kama sukari kwa kopo. Na sasa kopo inauma."

"Inauma wakati gani, Mama? Siku zote?"

Mama akafikiri. Hakuna aliyemuuliza hivyo kabla. "Asubuhi. Nikitoka kuchota maji ya kuoga, nikirudi, nikishika mlango. Mchana, hapana. Usiku, hapana."

Wahabi akaanza mbali na ugonjwa, kama alivyofundishwa. Hakuigusa karavani kwanza. Alikwenda kwenye soketi ya ukutani. Alivua viatu? Hapana, ndugu zangu, alivikaza kamba. Akachomoa plagi, akatia ncha moja ya balbu yake kwenye tundu la waya wa moto, nyingine kwenye tundu la waya wa kurudi. Balbu ikawaka nyeupe. Vizuri. Akaacha ncha moja kwenye moto, ya pili akaigusisha kwenye tundu la tatu, lile la ardhi, la waya unaozikwa udongoni. Hapo pia inapaswa kuwaka. Haikuwaka, hata wekundu haukuonekana.

"Imeharibika?" akauliza Edimu.

"Imesema kitu," akasema Wahabi. "Tusikie kingine."

Akarudisha plagi. Akaomba maji debe moja, akachimba kishimo karibu na gurudumu, akapigilia humo kipande cha nondo, akamwagia maji mpaka udongo ukawa tope. Udongo wa huko wakati wa kiangazi ni mkavu, umeme haupiti bila kunyweshwa. Akafunga ncha moja ya balbu kwenye nondo, nyingine akaigusisha kwenye bati la karavani. Balbu haikuwaka. Akamwambia Edimu asimame kando, akaingia ndani kwa kuruka ngazi, miguu yote miwili kwa pamoja, ili asiguse bati na ardhi kwa wakati mmoja, mzee wa miaka hamsini na kitu, Edimu akicheka. Ndani kulikuwa na taa mbili, jiko dogo la kupikia, feni, na hita ya maji iliyofungwa ukutani juu ya karai. Akawasha taa. Akaruka nje, akapima. Kimya. Akaruka ndani, akawasha feni, akaruka nje. Kimya. Mara ya nne magoti yalikuwa yanalia.

"Mzee unacheza ngoma gani?" akasema Edimu.

"Ya mke wa Okochi anayengoja nyumbani," akajibu, akaruka ndani akawasha hita.

Alipotoka akagusisha. Balbu ikawaka nyekundu, kama kaa la moto.

Bi Zubaida akashika kifua. "Ndiyo hiyo?"

"Nusu yake, Mama. Hita imezeeka, ndani yake umeme unavujia kwenye bati. Lakini hita ilivuja hata zamani, na hukuumwa. Kuna kitu kilikuwa kinauchukua ule umeme unaovuja na kuupeleka chini. Sasa hakiuchukui."

Akapiga magoti nyuma ya karavani akafuata mahali Okochi alipopigilia nondo yake ya ardhi. Aliijua kazi ya Okochi: nondo imezama wima, kichwa kimefungwa kwa skrubu mbili wala si moja. Nondo ilikuwapo. Skrubu zilikuwapo. Waya wa shaba uliokuwa unatoka hapo kwenda ukutani kwenye soketi haukuwapo. Kilibaki kisiki cha urefu wa kidole, kimekatwa kwa panga, safi. Na kule ukutani, kisiki kingine.

Wahabi akabaki pale chini. Hilo ndilo lililomchosha kuliko kuruka. Akisema tu waya umekatwa, watasema Okochi ndiye aliyeukata. Waya mtupu uliokatwa makusudi, nani atasikiliza zaidi? Angekuwa amekuja mwenyewe, kwa baiskeli yake mwenyewe, kuwapa ushahidi.

"Fundi, njoo chai," akaita Bi Zubaida.

Akaenda akakaa pembeni mwa mkeka. Mama akainua birika kumiminia, mkono ukatoka kwenye vazi. Mkononi zilikuwapo bangili tatu za shaba, zimesokotwa, zinang'aa kama zimetoka kwa sonara leo. Wahabi akatazama. Akatazama kikombe. Akageuka akamtazama Edimu aliyekuwa amesimama kwa mbali akiwasha sigara, na mkononi mwa Edimu pia ikang'aa bangili ya namna ileile. Waya wa nyuzi saba. Angeweza kuzihesabu kutoka pale.

"Bangili nzuri, Mama," akasema polepole.

"Za viungo. Magoti, mikono, baridi yabisi. Kwetu shaba inatoa maumivu. Huyu koplo mgongo wake ulikuwa mbaya, nikampa. Mtoto wangu naye nikampa, kapteni, iko na goti liliumia kwa mpira. Hata wanawake wa maofisa wamekuja, wanne, wote nikawapa."

"Umenunua wapi?"

Mama akazungusha bangili mkononi. Hakuwa na haya ya mwizi. Alikuwa anakumbuka. "Sikununua. Ilikuwa imelala hapo nyuma tu, inaingia kwa udongo. Haina balbu, haina redio, haiendi mahali. Nikasema shaba hii inaoza bure."

Wahabi akaweka kikombe chini. Edimu alikuwa mbali. Akashusha sauti, na akaeleza kama unavyomweleza mtoto asiyeambiwa chochote, bila kumkemea. Kwamba umeme ukitoroka kwenye mashine unatafuta njia ya kurudi chini. Kwamba ule waya usiokwenda mahali ndio uliokuwa njia. Kwamba ukiukata, umeme unakaa kwenye bati, unangoja mtu mwenye miguu iliyolowa.

"Na mtu ni mimi," akasema Bi Zubaida.

"Ni wewe, Mama."

"Asubuhi. Na maji ya kuoga."

"Ndiyo."

Akatazama mkono wake muda mrefu. "Mwezi huu wote nalia magoti yamezidi. Kumbe nimejiuma mwenyewe." Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Na yule kijana wa Busia. Siku anafunga hii kitu nilimpa uji. Alisema, nyanya, uji huu una ndimu. Iko wapi yule?"

"Yuko ndani, Mama. Siku nane. Hukuambiwa?"

"Waliniambia mtu mbaya amekamatwa. Sikuuliza mtu gani."

Kunguru alikuwa anatembea juu ya bati la karavani bila wasiwasi wowote.

"Sikia," akasema Mama. "Wewe ukisema, umetukana mama wa kapteni mbele ya askari. Unajua utalala wapi. Mimi nikisema mbele ya askari, nimemvua mtoto wangu nguo. Tangu mdogo huyu hajui kukosea mbele ya watu. Wewe unataka nini?"

"Nataka Okochi atoke. Sitaki kingine."

"Basi funga mdomo, kunywa chai."

Kapteni alifika saa tisa alasiri, mtu mfupi, viatu vinang'aa. Wahabi akasimama. Kabla hajaulizwa, Mama akapaza sauti kutoka mkekani kwa Kinubi, lugha ya kwao, kisha akamwonyesha mlango wa karavani. Wahabi alikuwa ameshachomoa plagi. Kapteni akamsaidia mama yake kupanda zile hatua tatu, mlango ukafungwa.

Nje wakabaki Wahabi na Edimu.

"Wanaongea nini?" akauliza Edimu.

"Mambo ya nyumbani."

"Wewe umepata ubaya?"

"Nimepata."

"Wa nani?"

"Wa hita, afande. Imezeeka."

Edimu akavuta sigara. Hakuwa mjinga yule. Alitazama kisiki cha waya nyuma ya gurudumu, akatazama mkono wake, na polepole akashusha mkono wa shati.

Mlango ulipofunguka kapteni alitoka peke yake. Wahabi aliona kwanza mkono wa kushoto: ulikuwa mtupu, na ngozi ilikuwa na alama ya kijani mahali bangili ilipokaa. Hakuna aliyeitaja. Kapteni alisimama akitazama kebo.

"Mzee, inaweza kutengenezwa?"

"Inaweza, afande. Lakini shaba hakuna mjini. Nitaweka waya wa fensi, mara mbili, umesokotwa. Unashika kutu. Na wakati wa jua udongo lazima unyweshwe, la sivyo haufanyi kazi."

"Na yule fundi?"

"Yule alifunga vizuri, afande. Nimeitazama kazi yake yote."

Kapteni akatoa kalamu mfukoni, akaitazama kana kwamba ndiyo yenye shida. Yeye naye alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Karatasi yake imeandikwa hujuma. Mkubwa wangu ameiona. Siwezi kuandika nyingine kusema," akasimama hapo, "kusema mengine. Lakini naweza kuandika kwamba kuna fundi mwingine amechukua karavani hii, yeye ndiye mwenye dhamana nayo, na wa kwanza hatuna haja naye. Umeelewa? Ikiuma mtu tena, mtu yeyote, hata kuku, unaingia pale yeye alipotoka. Utatia sahihi?"

Niwaambie ukweli, Wahabi alihesabu kwanza. Alifikiri waya wa fensi na kutu. Alifikiri miezi miwili ya jua iliyobaki kabla ya mvua, na udongo ule. Alimfikiri Habibah na viatu. Mtu anaweza kuwa amechoka mpaka ushujaa wenyewe ukawa ni kazi nyingine tu imeongezwa kwenye orodha.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Hita nakwenda nayo."

"Mama ataoga na nini?"

Kutoka ndani ya karavani sauti ikasema, "Nimezaa watoto saba na maji ya sufuria! Hata wewe!"

Edimu alikohoa ili asicheke. Kapteni aliandika, karatasi juu ya sanduku la bati, na Wahabi akatia sahihi, jina zima, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa dukani. Kisha akaitoa hita ukutani, akafunga waya wa fensi kutoka kwenye nondo ya Okochi mpaka kwenye soketi.

Okochi aliletwa jua likiwa linaelekea kushuka. Hakuwa na viatu, jicho moja limefunga, na alitembea kama mtu anayehesabu hatua. Wahabi hakumuuliza chochote. Alilihamishia sanduku kwenye usukani, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaiweka hita mapajani mwake, akaisukuma kwa miguu mpaka geti limepotea nyuma.

"Nani alikata?" Okochi akauliza hatimaye.

"Shaba ya viungo. Yule mama wa uji."

Okochi akaishika hita kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Nilimwambia uji una ndimu," na hapo akaanza kulia, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, amekumbatia hita mbovu.

Nasirumbi alikuwa anangoja kwa Habibah. Hawakula. Kulikuwa na lori la mihogo linalokwenda Busia, wakapanda juu yake, na kabla ya kupanda Okochi alimshika Wahabi mkono.

"Twende wote, kaka. Kesho tuko ng'ambo. Huko waya zipo madukani, mpya, kwenye karatasi zake."

"Mimi nimetia sahihi," akasema Wahabi. "Nikiondoka watakuja hapa kwa Habibah. Au watakufuata wewe mpaka mpakani. Nenda."

Lori likaondoka. Habibah alisimama mlangoni na taa mkononi, hajaiwasha.

"Umetia sahihi nini?"

Akamwambia. Habibah akaingia akamletea maji ya kunawa miguu.

Ijumaa baada ya sala, Wahabi alirudi Rubongi na debe lililofungwa pembeni mwa baiskeli. Edimu alimfungulia geti bila kuuliza yeye ni wa ngapi. Bi Zubaida alikuwa anamngoja nyuma ya karavani, fimbo mkononi, mikono mitupu. Wahabi akaugusa waya wa fensi kwa kidole, akakaza skrubu, akaanza kumwaga maji pale nondo ilipozama. Udongo uliyanywa kwa sauti.

"Imeshiba?" akauliza Mama.

"Bado. Nisaidie kushika debe, Mama. Mkono huu umechoka."